Muziki wa kushikiza: kinachoamuliwa kabla mtunzi wa filamu hajafika

Mashabiki wa filamu wanapobishana kuhusu muziki bora na muziki mbovu wa miaka ya karibuni, sifa na lawama zote humwendea mtu mmoja, naye ni mtunzi. Huyu humwona Ludwig Göransson kuwa bingwa kwa kazi yake katika Oppenheimer ya mwaka 2023. Yule hulalamika kwamba fidla zile hazikumpa nafasi ya kupumua kwa saa tatu nzima. Wa tatu huapa kwamba amezitazama filamu za mashujaa wa Marvel takriban zote na bado hawezi kuupigia mluzi muziki wake hata kwa mstari mmoja. Katika mabishano hayo kuna jambo ambalo hutajwa mara chache, ingawa ndilo linaloamua mengi kabla mtunzi hajaketi kwenye kinanda chake. Jambo hilo ni muziki wa kushikiza.

Fundi cherehani anapotaka kuona kama mikono ya koti imekaa sawasawa, hakimbilii cherehani. Hupiga bandi kwanza, yaani huishikiza mikono hiyo kwa uzi mrefu, mlegevu, ambao utafumuliwa koti likishashonwa. Muziki wa kushikiza, ambao watu wa Hollywood huuita temp track, au temp tu, una kazi hiyohiyo. Ni muziki uliokwisha kurekodiwa kwa shughuli nyingine, ambao mhariri huuweka chini ya picha wakati filamu ingali inakatwa na kuungwa, ili mwongozaji na wakubwa wa studio wapate kuhisi mwendo wa tukio kabla muziki wenyewe haujatungwa. Mtazamaji aliyelipia tiketi hatarajiwi kuusikia. Mtunzi akileta kazi yake mpya, uzi ule unapaswa kufumuliwa na kutupwa.

Nieleze hapa kwamba ninazungumzia muziki uliotungwa mahsusi kwa filamu fulani na kwenda sambamba na picha zake, si nyimbo za wasanii zilizonunuliwa na kuchomekwa katika matukio. Mashabiki huvichanganya viwili hivi mara kwa mara, na nusu ya ugomvi wao hutokana na hapo.

Kushikiza si kosa. Tukio la kufukuzana lisilo na muziki huonekana refu na baridi, na studio inayotaka kuionyesha filamu isiyokamilika kwa watazamaji wa majaribio haiwezi kuwaketisha watu mbele ya ukimya. Tatizo huja kwa sababu ya muda. Mhariri hukaa na filamu kwa miezi, na katika miezi hiyo mwongozaji hulitazama tukio lilelile mara kumi, mara hamsini, kila mara likiwa na muziki uleule chini yake, mpaka sikio lake linaacha kuusikia kama muziki wa kuazima na kuanza kuusikia kama sehemu ya picha. Mtunzi anapoitwa, mara nyingi zikiwa zimebaki wiki chache tu, huonyeshwa filamu hiyo pamoja na muziki huo na kuambiwa, kwa maneno ya upole au ya wazi, kwamba kinachotakiwa ni kitu kama hiki ila kisiwe hiki hasa.

Mtego wenyewe ni wa kifundi pia. Tuseme mhariri amelikata tukio la vita akifuata ngoma za kipande alichokiazima, hivi kwamba kila picha inabadilika kwenye pigo la kwanza, upanga unatua kwenye pigo la tatu, na ngoma zote zinanyamaza shujaa anapoanguka. Hata kipande hicho kikiondolewa, nyayo zake zimebaki ndani ya picha. Mtunzi mpya atajikuta hana uhuru wa kuchagua kasi, kwa kuwa kasi imekwisha kukatwa kwa mkasi. Hana uhuru wa kuamua mahali pa kunyamaza, kwa kuwa ukimya umekwisha kupimwa. Anachobakiwa nacho ni kubadilisha noti chache na ala chache, huku mwanasheria wa studio akiangalia kama amezibadilisha vya kutosha.

Wakati mwingine hazibadiliki vya kutosha. Filamu ya 300, iliyotoka mwaka 2007 ikiwa na muziki wa Tyler Bates, iliwashtua wafuatiliaji wa muziki wa filamu kwa sababu sehemu zake zilifanana mno na muziki ambao Elliot Goldenthal aliuandikia filamu ya Titus ya mwaka 1999. Mwaka huohuo studio ya Warner Bros. ilitoa taarifa ya hadharani ikikiri kwamba vipande kadhaa vilitokana na kazi ya Goldenthal. Kukiri kwa namna hiyo ni nadra. Kilicho cha kawaida zaidi ni mfanano ambao mahakama isingeweza kuushika lakini sikio la shabiki linaushika mara moja.

Mwaka 2016, Tony Zhou na Taylor Ramos, waliokuwa wakitengeneza video fupi za kuchambua filamu, waliwasimamisha watu barabarani na kuwaomba waimbe muziki wa Star Wars, kisha wa James Bond, kisha wa Harry Potter. Watu waliimba bila shida. Walipoombwa waimbe muziki wowote wa filamu za Marvel, walikodoa macho. Video ile iliendelea kuonyesha matukio yakiwa na muziki wa kushikiza na kisha yakiwa na muziki uliotungwa, bega kwa bega, na mfanano ulikuwa wa kutia aibu. Tangu wakati huo hoja hiyo imekuwa silaha ya kila mtu anayetaka kuuponda muziki wa filamu za siku hizi. Kwa maoni yangu inatumiwa ovyo kidogo, kwa sababu muziki ambao Alan Silvestri aliuandikia The Avengers ya mwaka 2012 unaimbika vizuri kabisa, na aliyeusahau huenda hakuwa akiusikiliza.

Mwanazuoni Dan Golding aliijibu video hiyo kwa video yake mwenyewe, akakumbusha kwamba kushikiza ni desturi ya zamani. George Lucas aliishikiza Star Wars ya mwaka 1977 kwa muziki wa okestra wa watunzi kama Gustav Holst, na anayekijua kipande cha Holst kilichopewa jina la sayari ya Mirihi hukisikia nyuma ya mapigo mazito ya John Williams, aliyeitungia filamu hiyo muziki. Hakuna anayeuita muziki ule mbovu. Golding aliona kwamba mabadiliko makubwa zaidi yameletwa na kompyuta, ambayo humwezesha mtunzi kujenga muziki kwa tabaka za midundo na mingurumo badala ya wimbo wenye kichwa na mkia, na ambayo humruhusu mhariri kuendelea kubadilisha picha hadi dakika ya mwisho.

Nakubaliana naye, ila naona jambo la kuongeza. Holst alikuwa mtunzi wa majukwaa ya okestra, mbali na sinema, na Williams alipomwazima alilazimika kuuvusha muziki ule kutoka ulimwengu mmoja hadi mwingine. Leo mhariri wa filamu ya mapigano hushikiza, mara nyingi, kwa muziki wa filamu nyingine ya mapigano iliyotoka miaka miwili mitatu iliyopita, ambayo nayo huenda ilishikizwa kwa iliyoitangulia. Mbegu huzaa mbegu ndani ya shamba dogo lilelile. Hapo ndipo shabiki anaposikia filamu tano zikinguruma kwa sauti moja, na kumlaumu mtunzi wa tano.

Wapo waongozaji wanaoukwepa mtego huu kwa kuuanza muziki mapema. Todd Phillips alimpa mtunzi Hildur Guðnadóttir mswada wa Joker kabla ya upigaji picha kuanza, naye akatunga kwa selo yake, ile fidla kubwa ya sauti nzito, akitegemea maandishi tu. Matunda yake yanaonekana katika tukio moja ambalo kila aliyeitazama filamu hiyo ya mwaka 2019 analikumbuka: mhusika amekimbilia chooni baada ya kuua, na badala ya kuificha bastola kama ilivyoandikwa, anaanza kucheza polepole, mguu mmoja ukitafuta sakafu. Phillips alikuwa amempigia Joaquin Phoenix muziki wa Guðnadóttir palepale, na mwili wa mwigizaji ukaufuata. Hapo picha ndiyo iliyoshonwa juu ya muziki. Guðnadóttir alipata tuzo ya Oscar mwaka 2020.

Christopher Nolan naye alimpa mtunzi Hans Zimmer ukurasa mmoja tu wa maandishi kuhusu mzazi na mtoto wake, bila kumwambia kwamba filamu ingehusu anga za juu, na kutokana na ukurasa huo ukazaliwa msingi wa muziki wa Interstellar ya mwaka 2014, ambao kinanda chake kikubwa kilirekodiwa katika kanisa la Temple jijini London. Kwa Black Panther ya mwaka 2018, Göransson alikwenda Senegal akafuatana na mwanamuziki Baaba Maal, akarekodi tama ya Massamba Diop, ile ngoma ya kwapani inayobanwa ili ipande na kushuka sauti kama mtu anayezungumza. Ngoma hiyo hulitamka jina la mfalme T’Challa. Jambo la namna hiyo halipatikani kwa kuiga kipande kilichoachwa na mhariri.

Hata hivyo nisimpe msomaji ufunguo wa kufungulia kila mlango. Muziki wa Volker Bertelmann katika All Quiet on the Western Front ya mwaka 2022 umewagawa mashabiki kwelikweli, na sioni kwamba muziki wa kushikiza unahusika. Noti tatu nzito, zenye mkwaruzo, huanguka juu ya mahandaki ya Vita vya Kwanza vya Dunia kama mlango wa chuma. Wanaozichukia husema kwamba ni sauti za kompyuta zilizopotea njia na kuingia mwaka 1917. Kwa kweli zilitoka katika kinanda cha mivukuto kilichokuwa cha mama wa bibi yake Bertelmann, zikapitishwa kwenye vikuza sauti hadi zikakwaruza. Mtu anaweza kuendelea kuzichukia, na mimi binafsi nilihitaji kuitazama filamu mara mbili ili nizikubali, lakini hawezi kusema kwamba zimenakiliwa.

Upande wa pili wa dhana hii ni ule ambao uzi wa kushikiza haufumuliwi kabisa. Kisa chake maarufu ni cha mwongozaji Stanley Kubrick na filamu yake ya anga za juu, 2001: A Space Odyssey. Alex North aliajiriwa kuitungia muziki, akafanya kazi kwa haraka kiasi kwamba mgongo ulimkamata na akapelekwa kwenye kurekodi London kwa gari la wagonjwa. Alimaliza zaidi ya dakika 40 za muziki. Kubrick, ambaye alikuwa amezoea vipande vya Richard Strauss, Johann Strauss na György Ligeti alivyovishikiza, aliviacha vilevile, na North akaja kugundua kwamba muziki wake haumo alipoketi kuitazama filamu New York mwaka 1968. Ni vigumu leo kumwambia mtu yeyote kwamba Kubrick alikosea, kwa sababu chombo kile cha angani kinachozunguka taratibu kwa mdundo wa waltzi, dansi ya mapigo matatu, kimekuwa mali ya dunia nzima.

Muziki wa North ulirekodiwa upya mwaka 1993, miaka miwili baada ya kifo chake, na anayetaka anaweza kuucheza sambamba na picha ajionee mwenyewe filamu nyingine ambayo ingekuwapo. Aliyeongoza okestra siku hiyo alikuwa rafiki yake, Jerry Goldsmith, mtunzi ambaye mwaka 1979 alikuta sehemu za muziki wake wa Alien zimetolewa, na mahali pake pamebaki vipande alivyoviandikia filamu nyingine mwaka 1962, ambavyo mhariri alikuwa amevishikiza kwa muda tu.