Mjomba wa Dallas hapunguzi ada ya chuo

Kila Machi na Aprili, majibu ya vyuo yakianza kuingia, naletewa mpango uleule. Familia inaishi Kentucky au Iowa, kijana amepata nafasi chuo cha serikali huko Texas, na ada ya asiye mkazi wa jimbo imewakausha koo. Baba ananituliza: "Mwalimu, hilo si tatizo. Ataenda kwa mjomba wake Dallas, achukue leseni ya kule, akae mwaka mmoja, halafu atalipa kama wenyeji." Mpango huu unazunguka makanisani, harusini na kwenye magrupu ya WhatsApp ya Waswahili wa Marekani. Haufanyi kazi, na nimechoka kuuzika kila mwaka.

Kwa vyuo vingi vya serikali, mwanafunzi aliye chini ya miaka 24 na anayetegemea wazazi hana makazi yake mwenyewe. Anahesabiwa alipo mzazi. Mama yuko Louisville, mshahara anaupata Louisville, na kwenye fomu ya kodi ya mapato amemwandika kijana kuwa mtegemezi wake. Basi kijana ni wa Kentucky, hata kama godoro lake liko Dallas. Leseni, akaunti ya benki na barua zinazopitia anwani ya mjomba ni karatasi za kuunga mkono ukweli uliopo. Haziumbi ukweli mpya. Isitoshe, mwaka alioutumia kusoma muda wote mara nyingi hauhesabiwi kabisa, kwa sababu chuo kinachukulia kwamba alichokifuata ni shule.

Na pesa yenyewe si ya kuchezea. University of Iowa humtoza asiye mkazi karibu mara tatu ya ada ya mkazi. Vyuo vya University of California humwongezea zaidi ya dola 30,000 kwa mwaka juu ya ada ya kawaida. Wapo wanaoniambia huo ni ubaguzi, twende mahakamani. Walishaenda. Mwaka 1973, katika kesi ya Vlandis na Kline, Mahakama Kuu ya Marekani iliizuia Connecticut kumhesabu mwanafunzi kuwa mgeni moja kwa moja bila kumpa nafasi ya kuthibitisha vinginevyo, lakini haikuyanyima majimbo haki ya kudai muda wa kuridhisha wa ukaazi.

Kinachofanya kazi ni mzazi kuhama. Kama mnajua mtahama kufuata kazi ya ghala au kiwanda cha nyama, hameni kabla kijana hajaanza mwaka wa mwisho wa sekondari, maana majimbo mengi yanataka miezi 12 kamili kabla ya muhula kuanza, na hesabu inaanza siku mzazi anapohamia. Tunzeni mkataba wa nyumba, hati za malipo ya mshahara, fomu za W-2 (za mapato ya mwaka, anazotoa mwajiri) na fomu za kodi ya jimbo jipya, na mbadilishe leseni mapema. Jambo moja nalisema kwa sauti kubwa: orodha za ushahidi za vyuo mara nyingi zinataja kujiandikisha kupiga kura. Mwenye kadi ya kijani asithubutu! Hiyo ni haki ya raia tu, na kosa hilo linaweza kuharibu ombi lake la uraia, hata kumfukuzisha nchini.

Texas kuna mlango mwingine, kwa mwenye makazi halali. Kijana aliyeishi kule miezi 36 mfululizo hadi kuhitimu sekondari kulekule, na bado yupo mwaka mzima kabla ya kuanza chuo, anaweza kuhesabiwa mkazi bila kutazama mzazi yuko wapi. Kwa hiyo mjomba wa Dallas ana faida, ila mtoto apelekwe akiwa kidato cha chini, si baada ya barua ya chuo.

Kisha naletewa hofu nyingine. "Tukihama tutapoteza FAFSA", yaani fomu ya kuombea msaada wa masomo wa serikali kuu. Hapana. Ruzuku ya Pell ni ya serikali kuu, inamfuata mwanafunzi jimbo lolote, na kwa mwaka 2025–26 kiwango cha juu ni dola 7,395. Mwenye kadi ya kijani anaiomba sawa na raia. Zinazobaki nyuma ni pesa za majimbo. KEES, ufadhili wa jimbo ambao mtoto wa Kentucky huuchuma kwa alama zake za sekondari, umewekewa vyuo vya Kentucky. Excelsior, ufadhili wa jimbo la New York, inakutaka uendelee kuishi New York miaka sawa na ile uliyolipiwa. Ukiondoka mapema, inageuka mkopo.

"Baba mdogo ndiye aliyemlea, tuandike mshahara wake." Hili linaniumiza, maana linawanyima haki yatima. Kijana ambaye wazazi wote wawili wamefariki anahesabiwa na FAFSA kuwa anajitegemea. Baba mdogo si mzazi, labda awe amemuasili kisheria, na mshahara wake hauingii kwenye fomu hata kama ndiye anayempikia. Lakini kijana mwenye wazazi hai hajitegemei kwa kupanga chumba chake tu.

"Chuo binafsi ni cha matajiri." Chuo binafsi kwa kawaida hakikuulizi umetoka jimbo gani. Berea College ya Kentucky hailipishi ada ya masomo. Wanafunzi wote hufanya kazi chuoni. Kabla ya kukata tamaa, fungua kikokotoo cha gharama halisi kwenye tovuti ya chuo. Sheria inavitaka vyuo vinavyopokea misaada ya serikali kuu kuwa nacho.

Walio magharibi mwa Marekani waulizie WUE (Western Undergraduate Exchange), mpango ambao vyuo shiriki humtoza mwanafunzi wa jimbo jingine lililomo kwenye mpango si zaidi ya asilimia 150 ya ada ya wakazi. Minnesota na Wisconsin nazo zina makubaliano yao ya kupunguziana ada.

Na FAFSA inajazwa bure, studentaid.gov. Aliyekutoza dola 200 kukujazia, kamdai.