Dawa Haiendi Kuutafuta Uvimbe

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Ujiji alinipigia simu, akanisalimu kwa adabu zote, kisha akaniomba nimtajie jina na bei ya ile dawa mpya ambayo, kama alivyoelezwa, huifuata saratani mahali ilipo na kuiua bila kuigusa sehemu nyingine ya mwili. Shangazi yake ana saratani ya titi. Nilipomuuliza kipimo cha vipokezi, kinachoonyesha ni protini zipi seli za saratani zinazo, kilisemaje, alijibu kwamba habari za kukatwa kinyama cha kupimwa mara ya pili familia imezikataa, kwa kuwa dawa yenyewe inajua pa kwenda. Kauli hiyo nimekwisha kuisikia kwa wauguzi, kwa wachungaji, kwa mfamasia mmoja wa Kasulu na, jambo linaloniudhi zaidi, kwa madaktari wenzangu. Dawa haijui pa kwenda.

Kidonge cha imatinib, dawa ya saratani moja ya damu, kikimezwa huyeyuka, huingia kwenye damu, na baada ya saa chache kimeshafika kwenye ini, ngozi, misuli na kila penye mshipa. Trastuzumab, dawa ya saratani ya titi ambayo ni kingamwili (protini kama zile za kinga ya mwili) na hutolewa kwa dripu, nayo husambaa mwilini mwote. Tunachokilenga sisi tunaozitafiti dawa hizi si kiungo wala ugonjwa, bali ni molekuli moja, mara nyingi protini ambayo seli ya saratani imeitegemea ili iendelee kugawanyika. Ukisimama katikati ya soko la Mwanga ukaita "Juma!", sauti itawafikia wote waliopo, lakini watakaogeuka ni akina Juma peke yao, mwizi pamoja na muuza dagaa asiye na kosa, na ikiwa mwizi unayemtafuta haitwi Juma, umepayuka bure.

Madhara ya dawa hizi yanatokana na wasio na kosa hao, yaani seli zenye afya zilizo na molekuli ile ile. EGFR, protini inayozipa seli amri ya kugawanyika, inafanya kazi kwenye ngozi na utumbo wa kila mmoja wetu, ndiyo maana mgonjwa wa saratani ya mapafu anayetumia erlotinib, dawa inayoizuia, hutokwa na vipele usoni na kifuani na kuharisha. HER2, protini inayolengwa na trastuzumab, inahitajika na misuli ya moyo: katika jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2001, wagonjwa waliopewa trastuzumab pamoja na tibakemikali za kundi la anthrasaiklini walipata hitilafu ya moyo kwa asilimia 27, na ndiyo sababu moyo hupimwa kabla ya kuanza tiba na kila baada ya miezi mitatu hivi. Imatinib nayo huizuia KIT, protini ambayo seli za rangi ya ngozi zinaihitaji, kwa hiyo baadhi ya wagonjwa wetu hupauka, na hapo majirani huanza kunong'ona kwamba fulani anaumwa saratani lakini mkorogo hauachi.

Nakiri kwamba imatinib ndiyo iliyotudekeza. Kromosomu ya Philadelphia, kromosomu fupi isiyo ya kawaida kwenye seli za saratani hiyo ya damu, ilionekana mwaka 1960, mtafiti Janet Rowley akaonyesha mwaka 1973 kwamba ilitokana na kubadilishana vipande kati ya kromosomu ya 9 na ya 22, na mwaka 2001 dawa ikaidhinishwa Marekani. Saratani moja ya damu, kosa moja kuu, dawa moja, na mtu aliyekuwa akihesabiwa miaka michache sasa anazeeka na wajukuu. Tukadhani saratani zote zitafuata mkondo huo. Nyingi hazikufuata.

Hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu ndipo wengi wanapokosea hata baada ya kukubali suala la molekuli. Wanadhani kwamba molekuli ikishapatikana, kazi imekwisha. Chukua badiliko la jeni ya BRAF liitwalo V600E. Kwenye melanoma (saratani ya seli za rangi ya ngozi) yenye badiliko hilo, vemurafenib, dawa ya kuizuia BRAF iliyoidhinishwa mwaka 2011, ilipunguza uvimbe kwa takribani nusu ya wagonjwa. (Melanoma ya watu wetu aghalabu hutokea kwenye unyayo, ambako badiliko hilo si la kawaida sana, lakini hilo tuliache.) Badiliko lile lile, herufi kwa herufi, hupatikana pia katika baadhi ya saratani za utumbo mpana, lakini dawa ile ile ilipojaribiwa huko kwa wagonjwa 21, mmoja tu ndiye ambaye uvimbe wake ulisinyaa vya kutosha kuhesabiwa. Sababu ilielezwa mwaka 2012: ukiifunga BRAF kwenye seli ya utumbo, EGFR huamka na kuipitishia seli amri za kugawanyika kwa njia nyingine, ilhali seli za melanoma zina EGFR kidogo mno na hazina pa kupitia. Ikabidi kuzifunga njia zote mbili kwa pamoja, na mchanganyiko wa encorafenib, inayoifunga BRAF, na cetuximab, inayoifunga EGFR, ukaidhinishwa mwaka 2020. Kwa hiyo kujua jeni bila kujua tishu ni kujua nusu ya jambo, na anayekuuzia dawa kwa kulitazama jina la jeni pekee anakubahatishia kwa fedha zako.

Usugu nitaupita haraka: kwenye saratani ya mapafu yenye badiliko la EGFR, dawa za kwanza hufanya kazi kwa muda wa mwaka mmoja hivi, kisha seli zenye badiliko jipya, mara nyingi T790M, huchukua nafasi, na inabidi kuhamia osimertinib, ambayo nayo hatimaye huzoeleka.

Dharau dhidi ya tibakemikali, zile dawa za zamani zinazoua seli zinazogawanyika haraka, ndiyo siwezi kuipita. Limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe za kinga ile inayovimbisha taya za watoto, ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza kutoka Uganda mwaka 1958 na ambayo inaandamana na malaria kali kama tuliyo nayo mikoa hii ya magharibi, inaendeshwa na jeni ya MYC, na hadi leo hakuna dawa iliyoidhinishwa inayoizuia MYC moja kwa moja. Wakati huohuo cyclophosphamide, dawa ya miaka ya 1950, inaweza kuuyeyusha uvimbe huo kwa siku chache, na ikichanganywa na wenzake huwaponya watoto wengi wanaofikishwa mapema. Mzazi anayemficha mtoto akisubiri "dawa ya kisasa" anaiacha tiba inayoponya. Isitoshe, mpaka wenyewe kati ya tibakemikali na dawa hizi mpya umeshavurugika: trastuzumab deruxtecan, ambayo sote tunaisifu, ni kingamwili iliyobebeshwa tibakemikali, na sehemu ya shehena hiyo huvuja hadi kwenye seli jirani.

Yote haya hutegemea kile kinyama ambacho familia huona ni usumbufu. Kinapaswa kuingia kwenye fomalini, kimiminika cha kuhifadhia, ya asilimia 10 iliyosawazishwa ndani ya saa moja, fomalini iwe nyingi kama mara kumi ya ukubwa wake, na kwa ajili ya kipimo cha HER2 kikae humo kati ya saa 6 na 72. Nimepokea kinyama kikubwa kilichoshindiliwa kwenye kichupa cha dawa ya macho, kikiwa kimesubiri basi la Mwanza hadi katikati yake kumeoza; nimepokea pia kingine, kutoka hospitali nisiyoitaja, kikielea kwenye spiriti. Kipimo kikifanyika juu ya nyama ya namna hiyo jibu hutoka, tena kwa karatasi safi yenye muhuri, na hapo ndipo penye hatari, kwa maana mama ambaye saratani yake ina HER2 nyingi ataambiwa haina.

Hata nyama ikiwa njema, uhakika wetu una mipaka ambayo vitabu haviisemi kwa sauti. Slaidi ya HER2, yaani kipande chembamba cha kinyama kilichotiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini, tunaipa alama kutoka 0 (hakuna) hadi 3+ (nyingi), na kwenye 1+ na 2+ mimi na mwenzangu tunaweza kuitazama slaidi moja tukatofautiana, kisha mimi mwenyewe nikairudia baada ya chakula cha mchana nikatofautiana na nilivyosema asubuhi. Alama ya 2+ ina kipimo cha jeni cha kuamua. Lakini 1+ kwa miaka mingi tuliiandika "hasi" bila wasiwasi, hadi mwaka 2022 trastuzumab deruxtecan ilipoonekana kuwasaidia hata wagonjwa wa alama hiyo, na mstari tuliokuwa tukiuchora kwa kujiamini ukageuka kuwa wa penseli. Siamini kwamba jicho langu linatenganisha 0 na 1+ kwa uthabiti wa kutosha kumnyima mtu dawa, na sidhani kama la mwingine linaweza.

Kwa bahati njema kinyama hakitupwi. Kipande kilichogandishwa kwenye nta ya parafini hutunzwa maabara kwa miaka, na kama kilihifadhiwa vizuri tangu mwanzo kinaweza kukatwa upya na kupimwa upya bila mgonjwa kuguswa kisu. Kabla ya kuuliza bei ya dawa yoyote, ulizeni kipande hicho kiko maabara gani, namba yake ni ipi, na kimeshapimwa nini.