Kairopraktiki na maumivu ya viungo: yanayosemwa na ukweli wake

Video za watu waliolazwa kitandani, shingo zikizungushwa ghafla mpaka zilie, zimejaa kwenye simu, na chini yake maswali ni yale yale: mama anasumbuliwa na magoti, baba ana baridi yabisi, huduma hii naipata wapi? Kabla ya kumpeleka mzee, inafaa kujua tiba yenyewe. Kairopraktiki ilianzishwa na D. D. Palmer mwaka 1895 huko Davenport, jimbo la Iowa, Marekani. Mtaalamu husukuma kiungo kwa mkono, hasa pingili za mgongo, kwa msukumo mfupi wa haraka. Palmer alidai kuwa asilimia 95 ya magonjwa yote hutokana na pingili zilizokaa vibaya. Dai hilo halikuthibitika. Kilichobaki ni tiba ya mikono inayoweza kuwapa nafuu baadhi ya wenye maumivu ya kiuno, ila ina mipaka, na kutoijua mipaka hiyo ndiko kunakowaponza watu.

“Ukisikia mlio, mfupa uliohama umerudi mahali pake”

Hapana. Ndani ya kiungo mna ute wenye gesi iliyoyeyuka. Mifupa miwili ikitenganishwa ghafla, shinikizo ndani ya ute hushuka, uwazi wa gesi hutokea, na mlio husikika. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walilinasa tukio hilo kwa mashine ya MRI huku vidole vya mkono vikivutwa. Ni mlio wa kualisha vidole, basi. Ndiyo maana kiungo kikishalia hakilii tena mpaka zipite dakika kama 20.

Nafuu anayoisikia mgonjwa ni ya kweli, kwani misuli hulegea na maumivu hupoa kwa muda, lakini huweza kuja bila mlio wowote. Pingili iliyohama kweli mara nyingi huonekana kwenye eksirei, na huyo ni mgonjwa wa daktari wa mifupa.

“Magoti yameisha ute, yakinyooshwa utarudi”

Goti linalosagika mara nyingi huwa na ute mwingi kuliko kawaida. Uvimbe unaouona ndio huo. Kilichopungua ni gegedu, yaani utando mgumu unaoteleza unaofunika ncha za mifupa, na pembeni mfupa umeota vinundu. Hakuna msukumo wa mkono unaootesha gegedu upya. Mwongozo wa mwaka 2022 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, unaruhusu tiba ya mikono kwa goti na nyonga pale tu inapoambatana na mazoezi. Uzito nao una hesabu yake: kila kilo moja unayopunguza huliondolea goti mzigo wa kama kilo nne katika kila hatua.

“Baridi yabisi ni baridi yabisi, tiba ni moja”

Hii ndiyo dhana ya hatari kuliko zote. Kuna baridi yabisi ambayo kinga ya mwili hushambulia utando wa ndani ya viungo: vidole vya mikono yote miwili huvimba, na asubuhi hukakamaa kwa zaidi ya nusu saa. Ugonjwa huu huweza kupanda shingoni. Pingili ya kwanza ya shingo hushikwa kwenye ya pili na kano moja iliyopita nyuma ya kijino cha mfupa. Ugonjwa ukiila kano hiyo, pingili ya kwanza huteleza mbele kichwa kinapoinama, na mshipa mkuu wa fahamu unaoshuka ndani ya uti wa mgongo hubanwa. Shingo ya namna hiyo ikizungushwa ghafla, mtu anaweza kupooza mikono na miguu, au akaacha kupumua. Mwenye ugonjwa huu asikubali kuzungushwa shingo, hata na bingwa.

Dalili za kubanwa ni ganzi mikononi, kushindwa kufunga vifungo vya shati, na kusikia kama umeme unashuka mgongoni anapoinamisha kichwa. Eksirei zipigwe mbili, moja kichwa kikiwa kimeinama na nyingine kikiwa kimeinuliwa, kwa sababu picha ya kawaida inaweza kuificha hitilafu. Tiba ya baridi yabisi hii ni dawa za kutuliza kinga, kama methotrexate, ambayo kwa ugonjwa huu humezwa mara moja kwa wiki. Kuimeza kila siku huweza kuua.

Jongo ni jambo jingine: fuwele za asidi ya yuriki ndani ya kiungo, mara nyingi kidole gumba cha mguu. Kukisukuma kidole hicho ni kumtesa mgonjwa bure. Na kwetu Afrika Mashariki tusiisahau TB ya uti wa mgongo. Maumivu ya mgongo yasiyotulia usiku, homa za jioni, jasho, kukonda, au kinundu kinachochomoza mgongoni yanataka hospitali kwanza. Pingili iliyoliwa na TB inaweza kuporomoka ikisukumwa. Kiungo kimoja kilichovimba ghafla, kina joto, na mgonjwa ana homa? Hospitali siku hiyo hiyo.

“Haina dawa, kwa hiyo haina madhara”

Maumivu ya siku moja au mbili baada ya kusukumwa ni ya kawaida. Wasisukumwe kwa nguvu wenye mifupa iliyopungua uzito, waliotumia prednisolone (dawa ya kutuliza uvimbe) kwa muda mrefu, wanaomeza warfarin (dawa ya kuzuia damu kuganda), na wenye saratani iliyofika kwenye mifupa. Ni nadra, lakini mshipa wa damu wa shingo huweza kuchanika na kuleta kiharusi. Kizunguzungu kikali, kuona viwili au ulimi kuwa mzito baada ya shingo kusukumwa ni dharura.

Na anayesifiwa mtaani kuwa “fundi mwenye mikono”? Kwa asiyesomea tiba kabla, mwongozo wa kairopraktiki wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2005 unataka mafunzo yasiyopungua saa 4,200, na 1,000 kati yake ziwe za kuhudumia wagonjwa chini ya usimamizi. Muulize alisomea wapi. Anayekuuzia vipindi 30 kabla ya kukupima, mwache. Vipindi sita vikipita bila badiliko, acha pia.

“Goti linalouma lipumzishwe”

Likipumzishwa sana, msuli wa paja husinyaa na maumivu huzidi. Chukua kiti kisichoyumba, kaa, simama bila kujisukuma kwa mikono, kisha rudi chini ukihesabu hadi tatu. Fanya mara 8 hadi 10, raundi tatu, siku tatu kwa wiki. Ukishindwa, anza kwa kuweka mto juu ya kiti. Maumivu kidogo wakati wa zoezi si tatizo; yakiwa bado yamepanda kesho yake, punguza idadi, usiache. Na fimbo ishikwe kwa mkono wa upande wa mguu usiouma, mpini ukifika usawa wa kifundo cha mkono.