Ganda la korosho: kwanza niambie lilibanguliwaje

Mtu akiniletea maganda ya korosho nipime antioksidanti (kemikali zinazozuia madhara ya radikali huru, yaani molekuli korofi zinazoharibu seli), namuuliza kwanza yalibanguliwaje. Yalikaangwa, yalipikwa kwa mvuke, au yalipasuliwa makavu? Asipojua, sianzi kupima.

Sababu imo ndani ya ganda. Katikati lina vitundu kama sega la nyuki, vimejaa mafuta mazito, yale yanayochubua mikono ya wabanguaji hata wakijipaka majivu. Yakikamuliwa bila moto, sehemu kubwa ni asidi ya anakadiki, pamoja na kadoli na kadanoli. Yakipata joto kali, asidi hiyo hupoteza kaboni dayoksidi na kugeuka kadanoli. Basi maganda ya mkorosho mmoja wa Newala yanaweza kunipa majibu mawili tofauti, kisa kikaango tu.

Hapo ndipo wanafunzi wangu wengi huteleza. Wanaanza na kipimo kiitwacho DPPH kwa sababu ni rahisi: myeyusho wa zambarau unaofifia kuelekea manjano kadiri radikali huru zinavyotulizwa, nasi tunapima mwanga unaofyonzwa kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 517. Lakini asidi ya anakadiki haitulizi radikali kwa namna hiyo. Kazi yake ni kushika madini kama chuma na kuzuia baadhi ya vimeng'enya vinavyozalisha radikali. Ukiipima kwa DPPH peke yake, unaionea.

Ngozi nyembamba ya kahawia inayoivaa punje ni habari nyingine kabisa, na naomba isichanganywe na ganda la nje kwenye mfuko mmoja. Ina tanini nyingi, pia katekini na epikatekini, jamaa wa zile za majani ya chai. Hii naikausha kwa joto la chini, naisaga, kisha nailoweka kwenye ethanoli iliyochanganywa na maji. Ethanoli tupu huacha mengi nyuma. Kipimo cha Folin-Ciocalteu hunipa jumla ya fenoli, jamii ya kemikali ambamo tanini na katekini zimo, ila hudaka pia vitamini C na baadhi ya sukari, kwa hiyo simtajii mtu katekini kabla ya kuzitenganisha kwa kromatografia.

Na kwa anayefikiria kusaga ganda la nje auze kama dawa: usifanye hivyo. Mafuta yale huunguza ngozi ya mkono. Tumbo halina kinga bora zaidi.

Ukinitumia sampuli, tenga ganda na ngozi, weka gizani, na uandike juu ya mfuko njia ya kubangulia.