Ithibati si cheti

Wiki iliyopita, pale Shimanzi, hapa Mombasa, kijana anayeendesha foklifti, mashine ya kuinulia mizigo, alinionyesha karatasi iliyopigwa laminesheni, ina muhuri wa buluu pembeni. "Ami, sasa mimi ni mkufunzi mwenye ithibati." Nikaisoma. Imeandikwa kwamba amehudhuria mafunzo ya wakufunzi kwa siku tatu. Amehudhuria, hivyo tu. Kijana si mwongo, ndivyo alivyoambiwa na waliopokea ada yake. Lakini ni mara ya tano mwaka huu nalisikia neno ithibati likitumiwa hivyo, na linanikera kwa sababu wanaoumia ni vijana wenyewe.

Mkufunzi wa kazini mwenye ithibati ni mtu anayewafunza wafanyakazi kazi yao, akiwa amepimwa na kukubaliwa na mamlaka iliyopewa kazi hiyo kisheria.

Ithibati imetoka kwenye Kiarabu, mzizi ule ule uliotupa thabiti na thibitisha. Dai ni lako, lakini wa kulithibitisha ni mwingine, na huyo hawezi kuwa yule yule aliyekuuzia kozi. Cheti asili yake ni Kihindi, kijikaratasi chenye maandishi. Zamani mtoto alitumwa dukani na cheti, mwenye duka akasoma, sukari ikaja. Kazi ya cheti ni kubeba habari. Kinaweza kubeba habari kwamba umepewa ithibati, na kinaweza kubeba habari kwamba ulikaa ukumbini siku tatu ukanywa chai. Ni lazima kisomwe.

Mkufunzi naye anatokana na funda, na fundi ni ndugu yake, ndiyo maana watu huwachanganya. Fundi anaingiza uma wa foklifti chini ya paleti bila kupasua gunia hata moja. Mkufunzi anamfikisha mwingine hapo, kisha anampima kama kweli amefika. Hapa kwetu biharusi hufundwa na somo, yaani kungwi, na sijapata kuona mwanamke aliyejitangaza kuwa somo. Wenzake wanamjua, wamewaona waliopita mikononi mwake, ndipo wanampelekea binti yao.

Kwa mafunzo ya kazini, anayesajili hapa Kenya ni Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA. (Wakufunzi wa vyuo vya ufundi wako chini ya mamlaka nyingine, TVETA, ya elimu na mafunzo ya ufundi, kwa sheria ya 2013. Huo ni mlango mwingine.) Mwajiri hutozwa ushuru wa mafunzo wa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, na akiwapeleka watu wake mafunzoni kwa utaratibu unaokubalika anaweza kudai arejeshewe gharama. Akidai, swali la kwanza huwa: aliyefunza amesajiliwa? Kama hakusajiliwa, dai linakwama, na mwajiri hamwiti tena mkufunzi yule, hata kama alifunza vizuri.

Nilimwambia aiweke karatasi yake kwenye faili pamoja na vyeti vyake vya fani, aende NITA, maana wana kituo hapa hapa Mombasa, aulize fani yake inadai nini. Bango lake la matangazo ameshalichapisha. Nikamwomba alitengeneze upya, na badala ya "mwenye ithibati" aandike "aliyehudhuria mafunzo ya wakufunzi", mpaka atakapojibiwa.