Mbonyeo wa kofia ya pama

Mbonyeo ni lile bonde lililo utosini mwa kofia ya pama, pamoja na mifinyo miwili ya mbele, kulia na kushoto, pale vidole vinapopenda kushika. Wengi hudhani limeshonwa, au kwamba kuna waya au karatasi ngumu ndani yake. Hakuna kitu. Kama kofia ni ya felti, yaani manyoya yaliyokandamizwa mpaka yakashikamana, mbonyeo ni umbo ambalo manyoya yalipewa yakiwa na moto na unyevu, kisha yakapoa yakiwa yamelishika. Ndiyo maana mtu anaweza kuutengeneza nyumbani kwa birika la maji na mikono yake, na ndiyo maana pia unaweza kuharibika.

Sisi Unguja na Pemba tumezoea kofia za namna nyingine. Kofia ya viua ni kazi ya sindano na uzi, na ikishafuliwa hutiwa wanga ili isimame. Kofia ya ukili ni msuko wa miyaa, umbo lake limo katika msuko wenyewe. Felti haifumwi, haisukwi, haina uzi. Manyoya ya sungura, au sufu ya kondoo kwa kofia za bei nafuu, hutiwa maji ya moto, yakasuguliwa na kukandamizwa mpaka yakashikamana. Kila unywele una magamba madogo mno yanayoelekea upande mmoja, kama ya samaki. Ukisuguliwa husogea upande mmoja tu, na magamba hayauruhusu kurudi, kwa hiyo kadiri kazi inavyoendelea ndivyo manyoya yanavyozidi kufungana. Tarbushi nyekundu za kwenye picha za zamani za Mji Mkongwe nazo ni felti. Tofauti ni kwamba tarbushi huvikwa kwenye kalibu na kuachwa ngumu, pama huachwa laini ili ikubali kubonywa.

Pama yenye mbonyeo na mifinyo ndiyo inayojulikana duniani kwa jina la fedora. Jina hilo limetoka kwenye mchezo wa kuigiza wa Victorien Sardou uliochezwa Paris mwaka 1882, ambamo Sarah Bernhardt aliigiza mwanamke aitwaye hivyo. Ilianza kuwa kofia ya wanawake kabla haijawa ya wanaume.

Sasa, kwa nini umbo linakaa? Manyoya yameundwa kwa keratini, protini ile ile ya nywele zetu na kucha zetu. Ndani yake mna vifungo vingi vidogo vya haidrojeni. Maji na joto huvifungua, na unywele ukawa mtiifu. Ukipoa na kukauka, vifungo hujifunga upya, lakini safari hii katika umbo jipya. Dada zetu wanalijua jambo hili bila ya kusoma kemia: nywele zilizonyooshwa kwa moto hukaa zimenyooka mpaka zipate unyevu, hapo zikarudi zilikotoka. Kofia haina tofauti.

Nilipomweleza bibi yangu, aliyesuka ukili maisha yake yote, hakushangaa hata kidogo. "Kumbe kama miyaa, mjukuu wangu," akaniambia. "Kavu haitii, inavunjika." Sijapata maelezo mafupi zaidi ya hayo, ingawa kinachotokea ndani ya jani si kile kinachotokea ndani ya unywele.

Kwa hiyo kosa kubwa ni kubonya kofia ikiwa kavu. Chemsha maji katika birika mpaka mvuke utoke kwa nguvu mdomoni. Shika kofia kwa ukingo, ipitishe juu ya mvuke kwa umbali wa shubiri hivi, ukiizungusha polepole. Nusu dakika mara nyingi inatosha. Usisogeze kiganja karibu na mdomo wa birika, mvuke huunguza kuliko maji yenyewe. Felti ikiwa tayari utaihisi: inalegea, inakuwa kama kitambaa kizito chenye umande. Isilowe chapa. Kama inadondosha maji umepitiliza.

Anza kwa kufuta umbo la zamani. Tia ngumi ndani, usukume utosi utoke nje mpaka uwe wa mviringo kama bakuli lililofunikwa. Kisha ipe mvuke tena, na kwa ubavu wa kiganja ubonye mstari wa katikati kutoka nyuma kwenda mbele. Hapa ndipo ninapomsihi kila anayeanza: bonya kidogo. Bonde la kina kifupi unaweza kuliongeza baadaye kwa mvuke mwingine, lakini lililozama sana huacha alama, na kofia ikikaa kichwani utosi wako utaligusa. Ukitaka bonde lenye umbo la tone la maji, pana nyuma na jembamba mbele, bonya kwa vidole ukifuata mzunguko huo badala ya mstari ulionyooka.

Mifinyo ije mwisho. Kidole gumba upande mmoja, vidole viwili upande wa pili, finya taratibu, halafu shikilia. Usiachie haraka. Umbo linajifunga wakati wa kupoa, si wakati wa kubonya, na watu wengi hukosa subira hapo hapo. Ikishapoa, iweke kivulini hadi kesho yake. Isianikwe juani wala isiwekwe karibu na seredani, kwa sababu ukanda wa ngozi ulio ndani husinyaa na kofia ikawa ndogo.

Wakati wa masika, hewa ya visiwani inapojaa maji, mbonyeo hulegea wenyewe, hasa kama mwenye kofia ana mazoea ya kuivua kwa kushika ile mifinyo. Shika ukingo, mbele na nyuma. Ukiiweka mezani, ilaze chali juu ya utosi wake, maana ukiilaza kwa ukingo ukingo ndio utakaopinda. Na isifungiwe ndani ya mfuko wa nailoni, kwani ukungu hupenda hapo, na nondo hula manyoya kama anavyokula sufu.

Kuna kisichorudi. Kofia yangu ya kwanza nilinunua mtumba, ikiwa imetoka katika robota imebanwa bapa kama chapati. Mvuke uliurudisha utosi vizuri, nikaubonya nikaupenda. Lakini upande wa kushoto ulikuwa na mkunjo mkali kama wa karatasi, na hapo, kila nilipoipa mvuke, mstari ulififia kisha ukaonekana tena. Manyoya ya mahali hapo yalikuwa yamevunjika, na mvuke hufungua vifungo tu, hauungi kilichokatika. Nikaupeleka mfinyo wa kushoto juu ya mstari huo huo, na wa kulia nikaufananisha nao.