Kaliba si jina la risasi

Ndugu mmoja tunayesali naye hapa Marekani alinipigia simu Jumamosi akiwa dukani. Anatafuta rivolva yake ya kwanza (bastola ambayo risasi hukaa kwenye matundu ya silinda inayozunguka), ndogo, ya kujifunzia shabaha. "Kaka, hii wanasema ni kaliba 22, na risasi za 22 ninazo nyumbani. Si nichukue tu?" Swali hilo nimeshaulizwa mara tatu mwaka huu, na kila mara neno kaliba ndilo linalompoteza muulizaji.

Kaliba ni upana wa tundu la mtutu, au wa risasi inayopita humo. Kaliba 22 ni sehemu 22 katika 100 za inchi, kama milimita 5.6. Basi. Haikuambii ganda, yaani kile kikopo cha chuma kinachobeba baruti nyuma ya kipande kinachoruka, lina urefu gani, lina unene gani, wala limebeba baruti kiasi gani.

Neno lenyewe lina undugu na sisi. Wengi wanaochunguza asili za maneno hulirudisha kwenye Kiarabu, qalib, yaani chombo cha kumiminia kitu kilichoyeyushwa kipate umbo. Sisi tulilichukua tukaliita kalibu, na mafundi wa kusubu madini wanalijua. Waitalia na Wafaransa nao walilichukua, likawa la wenye bunduki, maana zamani mtu aliyeyusha risasi nyumbani na kuimimina kwenye kalibu iliyolingana na mtutu wake. Na nikisema risasi hapo nina maana ya madini yale laini mazito, kwa Kiarabu rasas, kabla jina halijahamia kwenye kitu kinachofyatuliwa. Kwa hiyo tangu asili kaliba ni habari ya kile kipande cha madini kinachoruka. Ganda lilikuja baadaye, na kaliba halikuwahi kulisemea.

Ganda ndilo linaloleta shida. Risasi hizi ndogo hazina kitufe cha fataki, kile kinachowasha baruti kikigongwa, katikati ya kitako. Fataki imo ndani ya ukingo wa kitako chenyewe, na pini huugonga ukingo huo. Kampuni ya Smith & Wesson ilitoa rivolva ya namna hiyo mwaka 1857, ya risasi saba, ikitumia risasi iitwayo .22 Short. Mwaka 1887 ikaja .22 Long Rifle, ambayo licha ya jina lake hutumika kwenye bastola pia. Ni ndefu zaidi lakini ganda lina unene ule ule, ndiyo maana rivolva ya Long Rifle huipokea Short bila taabu. Mwaka 1959 kampuni ya Winchester ikaleta .22 Magnum, na hapo undugu ukakatika.

Kwenye Long Rifle, sehemu ya nyuma ya kile kipande kinachoruka imepunguzwa ili iingie kwenye ganda, hivyo nje kipande na ganda viko sawasawa. Kwenye Magnum kipande hicho hakikupunguzwa, huingia kwenye ganda na upana wake wote, kwa hiyo ganda limelazimika kuwa pana: inchi 0.242 dhidi ya 0.226. Magnum haitaingia kwenye silinda ya Long Rifle, na hilo ni salama. Kinyume chake ndicho ninachokiogopa. Long Rifle huteleza ndani ya silinda ya Magnum kama iliyotengenezewa humo, kumbe inapwaya. Ukifyatua, ganda halina ukuta wa kuliegemea, linavimba, linaweza kupasuka na kutupa gesi ya moto nyuma, ulipo mkono na uso.

Kampuni ya Ruger hutengeneza rivolva iitwayo Single-Six inayouzwa na silinda mbili, moja ya Long Rifle na moja ya Magnum. Mtutu ni mmoja, kwa kuwa kaliba ni moja. Kinachobadilishwa ni silinda, nyumba ya ganda. Sijaona maelezo bora kuliko hayo.

Nilimwomba ndugu yangu asome maandishi yaliyochongwa ubavuni mwa mtutu. Yalikuwa ".22 Win Mag", yaani ile Magnum ya Winchester. Za nyumbani kwake ni Long Rifle. Alikuwa ameuliza vizuri, ila kwa neno lisilobeba jibu. Ukiwa dukani, mwulize muuzaji silaha inatumia risasi gani, kisha ulinganishe jina lote lililochongwa kwenye mtutu na lililoandikwa kwenye boksi, hadi neno la mwisho.